Pembe Mbili Zilizofukizwa Garsen

Walisema sitaweza hata kutofautisha bisibisi na mwiko. Walisema Bombay nitaishia kuosha masufuria ya mabaharia, na kwamba nikirudi kijijini kwetu Wema nitarudi na kikohozi tu. Mjomba wangu Buya, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya pili ya mto, alisimama mbele ya watu waliokuwa wakipura mpunga akasema, "Jilo huyu? Banda la kuku lililomshinda kuezeka ndilo lile pale. Waulizeni kuku wenyewe." Watu walicheka mpaka wakaketi chini.

Nawaandikia haya ninyi vijana wa karakana, mimi niliyekabidhi funguo juzi. Sitawaeleza nilivyopanda wala nilicholipwa, maana hayo hayamfundishi mtu kushika koleo. Nitawaeleza kazi. Na kwa kuwa wengi wenu siku hizi spika ikikoroma kidogo tu studioni mnakimbilia kuandika agizo la mpya, nitawaeleza zaidi kuhusu pembe mbili za Garsen, ambazo zilinishangaza kwa namna ambayo hata leo sijaizoea.

Nilianza kama mpiga kafi. Nilikuwa napeleka mtumbwi wa mizigo kutoka Wema, napita mfereji wa Belezoni, nashuka mpaka Kipini kwa mfanyabiashara mmoja aitwaye Athumani. Siku moja dukani kwake nilikuta kisanduku cha muziki kimefunguliwa. Ndani mlikuwa na meno ya chuma, na kila jino lilikuwa na sauti yake. Niliduwaa pale mpaka Athumani akaniuliza kama nimepigwa na jua. Nilimwambia nataka kujifunza kazi hiyo. Alicheka, lakini aliuliza swali la maana: "Kwa mali ya nani?"

Mali ilipatikana kwa watu watatu, na wote watatu walikuwa wamekwisha kusema sitaweza. Mjomba Buya alinikopesha magunia ya mpunga, akitangaza kwamba anautupa mtoni. Athumani alinilipia nauli ya meli. Wa tatu alikuwa Hawa, mwanamke wa Kiorma aliyekuwa akichunga na mumewe upande wa Idsowe. Mumewe alipougua nilimvusha mto mara nyingi bila kudai kitu, na Hawa akaniletea fahali kwa kamba. "Chukua. Uza Kipini," alisema. "Ukirudi, lete fahali. Usiporudi, basi." Nilimuuza kwa mchinjaji siku ileile niliyomfikisha, nikapanda meli.

Bombay nilipokelewa katika karakana ya vinanda, saa na visanduku vya muziki. Baadaye zikaingia zile santuri za mwanzo, zilizopigwa kwa mwanzi wa nta, bomba lililochorwa sauti juu yake, kabla ya sahani kuja. Fundi mkuu wetu alikuwa mzee mfupi aitwaye Rustam, mwenye vidole kama vya mtoto na ulimi kama tupa. Siku yangu ya kwanza aliniwekea kinanda kilichoharibika mbele yangu, akanikataza kukigusa. "Kinuse," alisema. Nilidhani ananitania. Nilikinusa. Kilinuka panya. Tulipokifungua, mivukuto yote ilikuwa imetafunwa.

Hilo ndilo somo alilonipa miaka yote niliyokaa naye. Usiseme kitu kibadilishwe mpaka umekiona kidonda chake kwa macho yako. Na kabla ya macho, tanguliza pua. Wanafunzi wengine walichoka. Mimi nilinusa saa, nikanusa vinanda, nikanusa mpaka viatu vya Rustam, na ndiyo maana shahada yenye muhuri mwekundu niliipata mimi, mtu wa kwanza kutoka mto Tana kuishika karatasi ya namna hiyo. Kama kuna mwingine aliyenitangulia, hajajitokeza.

Niliifungia shahada ndani ya kipande cha mwanzi, nikaziba kwa nta isiingie maji, nikarudi. Melini nilijizoeza hotuba. Nilipanga kuwaambia watu wa Garsen kwamba duniani kuna mashine inayoshika sauti ya mtu na kuirudisha, wao wasiamini, mimi niwathibitishie.

Nilifika Garsen nikakuta mashine inaimba.

Nilisimama na mzigo wangu kichwani. Athumani alikuwa amehamishia biashara yake huku, akajenga chumba cha udongo chenye mlango mzito na mikeka ukutani, akaweka santuri yenye pembe mbili za bati: kubwa ya kusikilizia, ndogo ya kuimbia. Hizo pembe ndizo zilizokuwa spika zetu. Watu walitoka Chara na Idsowe wakileta jogoo, asali au maziwa, wakasikiliza nyimbo za Kihindi, kisha mwenye sauti akaimba mbele ya pembe ndogo na kujisikia mwenyewe. Mjomba Buya alikuwa amekaa mstari wa mbele.

"Ah, Jilo," aliniambia, kana kwamba nilikwenda kisimani. "Umerudi. Kaa, usimzibe mtu."

Hotuba yangu sikuwahi kuitoa.

Nilifungua meza ya ufundi chini ya upenu wa duka la jirani. Wa kwanza waliniletea taa, kufuli na mwavuli. Mwenye shahada ya Bombay akatengeneza mwavuli, na aliutengeneza vizuri. Kisha siku moja Athumani mwenyewe akaja, amenyoosha kanzu, uso umemwiva.

"Hodi fundi, yeo nakuhitaji," alisema kwa lafudhi yake ya Kipini. "Pembe zangu zimekufa."

Aliniingiza chumbani. Pembe ndogo ilikuwa imeachia mshono kutoka mdomoni hadi shingoni, imefunguka kama ganda la kunde. Ile kubwa ilikuwa nzima kwa nje, lakini alipozungusha mashine, sauti ilitoka kama ya mtu aliyejaza ugali mdomoni. Athumani alifunga mlango, akasogea karibu.

"Hawa ndiye aliyeziharibu. Yule Muorma. Mumewe alipokufa nilimpa kazi ya kunifagilia chumba, naye husikiliza bure. Ameziunguza. Sasa watu wamekubaliana kwamba neno lako ndilo litakalosimama, maana wewe una karatasi. Ukisema zitengenezwe, utazitengeneza. Ukisema zibadilishwe, zitaagizwa mpya, na atakayelipa ni yeye. Ana ng'ombe wanne wa maziwa."

"Na wengine?"

"Wengine walikufa kwa ugonjwa. Hao wanne ndio alio nao." Alishusha sauti. "Mwanangu, pembe ni kama jino. Likioza unaling'oa, ukatia lingine. Hakuna njia nyingine, ndia ni hiyo moja. Sema hazifai, agizo lipite mkononi mwako, na ile nauli ya meli tuseme umekwisha kuilipa."

Tangu nirudi, hakuna aliyenitajia deni kwa upole namna ile. Na msidhani sikutamani. Nilikuwa nakula muhogo wa kukopa. Lakini nilikuwa sijazinusa zile pembe, na fundi aliyefundishwa na Rustam hawezi kusema neno kabla ya kunusa. Nilimwambia zitolewe nje barazani, nizikague mbele ya watu.

Watu walijaa. Hawa alifika na fimbo yake ya kuchungia, akakaa kando bila kumsalimia Athumani. Alinitazama toka chini hadi juu.

"Wewe ndiye mtoto wa mtumbwi?"

"Mimi ndiye Fundi Jilo, mama. Nina shahada ya Bombay."

"Hiyo shahada inakamuliwa?"

Watu walicheka. Mjomba Buya alicheka kuliko wote, nami nikajifanya natafuta bisibisi.

Niliinama, nikaingiza uso wote ndani ya pembe kubwa. Nilitarajia harufu ya kuungua, au ya panya. Nilichonusa kilinifanya nitoe kichwa haraka, nikatazama watu kama walikuwa wananichezea, kisha nikakirudisha tena. Pembe ya bati, iliyotoka ng'ambo ya bahari, ilinuka maziwa. Haikuwa harufu ya maziwa yaliyomwagika. Ilikuwa ile harufu tamu ya moshi inayotoka kwenye kibuyu kilichoandaliwa, ambayo kila mtu wa nyika hii ameinywa tangu utotoni. Nilipitisha kidole ndani, kikatoka cheusi na chenye mafuta. Samli.

"Mama Hawa," nilisema, "umeifukiza?"

"Nafukiza, ndiyo," alijibu bila kusita. "Natia vijinga ya mti ya harufu, natikisa, natoa, napaka samli. Kwani kibuyu nasafisha na nini? Maji? Maji inaharibu."

"Mmesikia," alisema Athumani. "Amekiri."

"Nimekiri nini? Wewe ulisema hivi: pembe hii safisha kama chombo yako ya maziwa. Ulisema mbele ya watu."

"Ilikuwa namna ya kusema tu. Nilitaka ing'are."

"Kibuyu haing'ari. Kibuyu inanukia."

Mjomba Buya aliinua mkono. "Mimi nilikuwepo. Nilikuja na jogoo. Alisema hivyohivyo." Kisha, kwa kuwa hawezi kunyamaza, akaongeza, "Na siku ile nilifikiri moyoni, Athumani ana busara."

Mimi nilikuwa bado nimeduwaa. Karakanani nilikwisha kuona kinanda chenye nyoka ndani, na saa iliyotiwa asali na mtoto. Lakini kuona mashine ya sauti imetunzwa kama chombo cha maziwa, kwa mikono ya mtu aliyejua hasa anachofanya, hilo hata Rustam hakunifundisha. Nilitaka kucheka, nikakumbuka ng'ombe wanne.

Nilifungua pembe kubwa. Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi wenu mnapokosea. Pembe haisemi yenyewe. Kinachosema ni kiwambo, kile kioo chembamba kilicho kwenye shingo, chenye sindano upande wa chini. Kioo hicho hukaa ndani ya kipete cha mpira ili kiweze kutetemeka. Hawa alifukiza pembe bila kuondoa shingo. Joto lilipanda, mpira ukayeyuka, ukakigandisha kioo. Kioo kikikosa kutetemeka, hata uwe na pembe ya dhahabu utasikia ugali tu. Pembe yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Ile ndogo nayo aliiweka karibu mno na makaa, lehemu ya mshono ikatiririka. Bati lilikuwa halijapinda.

"Haya sema," Athumani alinihimiza, akinitazama machoni. "Kutengeneza au kubadilisha?"

"Bado naangalia," nilisema.

"Anaangalia fahali wake," alisema Athumani kwa watu. "Mnajua kwamba huyu alisomeshwa kwa fahali wa Hawa? Atasema nini tena?"

Watu wote wakageuka kunitazama. Maneno yale yalinichoma kwa sababu yalikuwa na msingi. Kama ningesema tu kwa mdomo kwamba zinatengenezeka, wangesema namlipa Hawa fadhila. Nikaona hapo hapafai maneno. Nilimwambia Athumani kwamba nitafanya kazi yote palepale, mbele ya kila mwenye macho, na zikishindwa kuimba kabla ya watu kutawanyika, nitatamka mwenyewe kwamba zibadilishwe.

Mpira wa kiwandani sikuwa nao. Lakini siku hizo watu wa kwetu walikuwa wakigema mpira wa msituni na kuuza Kipini kwa mafungu, na mtu mmoja pale alikuwa na tonge lake. Nilikata utepe, nikaupasha moto, nikauviringisha mpaka ukawa mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, nikaupaka majivu laini usigande. Nilisafisha kioo kwa mafuta na kitambaa, nikakirudisha ndani ya kipete kipya. Kisha pembe ndogo. Niliisugua kwa mchanga na majivu mpaka ikawa nyeupe, maana lehemu haishiki penye masizi. Nikasaga sandarusi, ule utomvu mkavu wa mti unaosaidia lehemu kushika, nikanyunyiza kwenye mshono, nikapitisha chuma cha moto na mche wa lehemu niliotoka nao Bombay. Mshono ulijifunga. Nasema bila haya kwamba sijauona mshono mzuri kama ule tangu siku ile, na baadaye nilishona mingi.

Nia yangu ilikuwa kuisugua na ile kubwa pia, ziwe sawa. Lakini nilitaka kwanza kujaribu kipete kipya. Nikaifunga pembe ndogo, nyeupe na safi, kwenye shingo ileile, nikapiga mwanzi mmoja wa wimbo. Iliimba, na watu wakapiga vigelegele. Sauti ilikuwa kali, yenye kelele ya bati pembeni, kama kawaida ya mashine zile. Hata Bombay tulikuwa tukizifunga pembe kwa vitambaa ili kuipunguza kelele hiyo. Nikaiondoa, nikafunga ile kubwa yenye masizi na samli, nikapiga mwanzi uleule.

Nikakaa chini.

Kelele ya bati ilikuwa haipo. Mwimbaji alikuwa kama amesogea, amekaa nasi barazani. Tulimsikia akivuta pumzi. Moshi na samli vilikuwa vimelikamata lile bati kwa ndani kama ngozi nyembamba, likaacha kulia lenyewe, likaacha sauti ipite. Niliurudia mwanzi ule mara ya pili kwa sababu sikuamini. Mjomba Buya alinong'ona, "Huyu mtu yuko wapi?" na hakuwa anatania. Nilimtazama Athumani. Mdomo wake ulikuwa wazi, naye ndiye aliyekuwa akiiuza sauti ile kila siku.

Nilisimama, nikajifuta mikono, nikasema kwa sauti ya mwenye shahada: "Pembe hazibadilishwi. Hii kubwa asiiguse mtu, hata kwa kitambaa. Hii ndogo ifukizwe."

"Ifukizwe?" Athumani aliuliza.

"Ifukizwe. Nitaondoa shingo kwanza, na itashikwa mbali na makaa. Atafukiza Mama Hawa."

Watu walinitazama kama nimeanza kuumwa. Hawa hakuinuka.

"Nani analipa?" aliuliza. "Mara ya kwanza nafukiza, mnataka ng'ombe yangu. Mara ya pili nafukiza, mimi nataka ng'ombe yenu."

"Mama, hapana ng'ombe hapa," alisema Athumani.

"Basi fukiza wewe."

Walibishana mpaka jua likapinda. Mwishoni Athumani alimpa doti ya kanga aliyoichagua Hawa mwenyewe, ya bei kubwa, na ahadi mbele ya watu wote kwamba ng'ombe wake hawatatajwa tena. Ndipo akawasha vijinga vyake. Niliketi karibu naye nikitazama kila kitu: kiasi cha moshi, namna ya kutikisa, samli kidogo kwa ncha ya vidole. Kazi ile niliifanya baadaye katika mashine nyingi za pwani, na wateja waliniuliza siri yangu. Niliwaambia ni elimu.

Athumani hakunisamehe nauli, wala sikumwomba. Lakini chumba chake kilijaa watu, na kila kilichovunjika kuanzia siku ile alikileta kwangu, akinung'unika. Nilimlipa kwa kazi mpaka akasema mwenyewe basi. Mjomba Buya nilimpelekea magunia yake ya mpunga. Aliupima kwa kiganja, akasema ule wake ulikuwa na punje nene zaidi, kisha akauingiza ndani haraka kabla sijabadili mawazo.

Siku hiyohiyo nilivuka kwenda Idsowe na fahali. Nilimchagua kwa muda mrefu, mweupe, mwenye nundu iliyosimama, na nilikuwa nimevaa koti. Hawa alikuwa anakamua. Alimaliza kwanza. Kisha akamzunguka yule fahali, akamfunua meno, akamgonga ubavuni.

"Umelipa Athumani?"

"Nimemlipa."

"Na mjomba yako?"

"Asubuhi hii. Umebaki wewe tu, mama. Leo sidaiwi na mtu."

Alichukua kamba mkononi mwangu, akaizungusha mara mbili kwenye kiganja chake.

"Sasa naweza kusema," alisema. "Ile fahali yangu nilikupa, ilikuwa gonjwa. Ilikuwa inakufa. Mume yangu alisema, mpe huyu mtoto, ifie njiani kwake, si kwetu."

Nilimkumbuka yule mchinjaji wa Kipini, na haraka aliyokuwa nayo. Miaka yote niliyokaa Bombay, kila nilipolala njaa, nilijiambia kwamba kuna mtu mmoja aliyetoa mnyama wake bora kwa ajili yangu.

"Mbona hukuniambia mapema?" nilimuuliza.

"Mapema lini? Siku ya pembe?" Alianza kumvuta fahali kuelekea kwa ng'ombe wake wanne. "Ningesema siku ile, wewe ungesema pembe zibadilishwe."

Nilifungua mdomo kumjibu kwamba mtu mwenye shahada hahukumu kwa fahali, na kwamba pembe zilikuwa zinatengenezeka hata kama zingekuwa za adui yangu. Alikuwa amekwisha kunipa mgongo. Nilibaki pale na koti langu, mikono mitupu, sina deni kwa mtu yeyote juu ya ardhi, nikimtazama fahali wangu mzima wa afya akiingia kundini.